Visiwa vya Shelisheli: Kutoka Kifungo Hadi Starehe

Somo la historia kwa redio. Limechapwa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya Misigiri, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida.

Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu, na kama mnayo ramani ya Afrika, itundikeni ukutani mahali ambapo wote wataiona. Somo likisha, mtalisoma tena wenyewe, polepole, mtu mmoja fungu moja.

Leo tutasafiri mbali, lakini hatutapotea njia. Weka kidole chako juu ya Iramba. Sasa kipeleke mashariki, upande wa macheo, bila kupanda wala kushuka. Kidole kitapita karibu na Babati, kitapita karibu na Same, kitaivuka pwani ya Kenya kusini kidogo ya Mombasa, kisha kitaingia katika Bahari ya Hindi. Endelea kukisukuma katika maji, yapata kilomita 1,700 na zaidi. Hapo utakuta vitone vidogo vidogo kama punje za mtama zilizomwagika. Hivyo ndivyo visiwa vya Shelisheli.

Basi Iramba na Shelisheli viko karibu katika mstari mmoja wa dunia. Jua linalotuchoma sisi tukipalilia alizeti ndilo jua linalowaka huko. Lakini huko kuna watu wanaosafiri kutoka Ulaya, wakalipa fedha nyingi sana, ili walale mchangani na kulipata jua hilo. Yafaa tujiulize jambo hili lilianza lini, na lilianzaje.

1. Nchi isiyokuwa na watu

Shelisheli ni nchi ya visiwa 115. Kisiwa kikubwa chaitwa Mahé, nacho ndicho chenye mji mkuu, Victoria. Visiwa vingine vinavyojulikana ni Praslin na La Digue. Wananchi wote pamoja ni yapata laki moja tu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana mti uitwao mshelisheli, na tunda lake lapikwa kama muhogo. Jina la tunda hilo ndilo jina la visiwa.

Miaka 300 iliyopita visiwa hivi havikuwa na wenyeji. Walikuwako kobe wakubwa, ndege wa baharini, na minazi. Mabaharia walipita, wakachota maji, wakachukua kobe wa kula, wakaenda zao. Mwaka 1756 Wafaransa walisimamisha jiwe huko kuonyesha kwamba visiwa ni mali yao, wakavipa jina la waziri wao wa fedha, Moreau de Séchelles. Mwaka 1770 kikaja kikundi cha kwanza cha kukaa, watu wasiozidi 30. Wengine walikuwa Wafaransa, wengine Wahindi, na wengine Waafrika waliokuwa watumwa.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Mwafrika aliingia Shelisheli siku ile ile aliyoingia Mzungu. Mmoja aliingia kwa hiari, mwingine aliingia kwa kamba. Baadaye mashamba ya pamba na minazi yalipokua, watumwa waliongezwa, wengi kutoka Msumbiji, Madagaska na pwani yetu hii, hata wakawa wengi kuliko mabwana zao mara nyingi.

Mwaka 1811 Waingereza waliviingia visiwa, na mkataba wa mwaka 1814 ukawapa kabisa. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835. Lakini katika bara letu biashara ya watumwa iliendelea. Njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita kusini ya kwetu hapa, na njia nyingine ilitoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Watu waliokutwa ndani hawakurudishwa makwao. Tangu mwaka 1861, zaidi ya watu 2,000 walishushwa Shelisheli, wengi wao watu wa pande za Ziwa Nyasa na Msumbiji. Waliambiwa kwamba sasa wako huru. Lakini walikuwa huru katika kisiwa wasichokijua, wakafanya kazi katika mashamba ya watu wengine.

Wamisheni walijenga shule kwa watoto wa watu hao mlimani katika Mahé mwaka 1876. Siku hizi watalii hupelekwa mahali hapo kutazama magofu na kupiga picha, maana mandhari yake ni nzuri sana. Chini yaonekana bahari, buluu na kijani. Mtoto aliyekaa hapo zamani aliiona bahari ile ile. Kwake yeye bahari hiyo ilikuwa ukuta uliomtenga na mama yake.

2. Gereza lisilo na ukuta

Serikali ya Kiingereza iliona kwamba visiwa hivi viko mbali na kila mahali, ikasema: hapa ni pazuri pa kuwaweka watu wanaotusumbua. Huna haja ya kujenga ukuta, bahari yenyewe ni ukuta. Basi wafalme kadhaa waliokataa kutawaliwa wakapelekwa Shelisheli.

Wako wa karibu yetu. Kabaka Mwanga wa Buganda aliwapiga vita Waingereza mwaka 1897. Aliposhindwa alikimbilia upande wa Wadachi, yaani katika nchi yetu, akazuiliwa Mwanza. Alitoroka, akarudi vitani. Mwenzake Kabalega, Omukama wa Bunyoro, alikuwa amepigana miaka mingi porini. Wote wawili walikamatwa pamoja Aprili 1899, wakapelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa Buganda mwaka 1910 ikazikwa Kasubi. Kabalega alikaa kifungoni zaidi ya miaka 20. Mwaka 1923 alipewa ruhusa ya kurudi, lakini alifia njiani, Jinja, asiione Bunyoro tena.

Na Unguja pia ilitoa mtu wake. Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani Agosti 1896 bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zikaipiga jumba lake kwa mizinga, na vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Khalid alikimbilia kwa Wadachi, akaishi Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimkamata, na Shelisheli ikawa moja ya nchi za kifungo chake. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Kutoka Afrika ya Magharibi aliletwa Prempeh, mfalme wa Waasante, katika nchi iitwayo sasa Ghana. Alifika Shelisheli mwaka 1900. Baadaye akaletwa na Yaa Asantewaa, mama shujaa aliyewaongoza Waasante katika vita vya mwaka huo huo. Mama huyo alifia kisiwani mwaka 1921.

Ndugu wanafunzi, nataka mwandike jina la Prempeh katika madaftari yenu, maana kisa chake chatuhusu sisi tuliomo katika darasa hili. Prempeh alikuwa mtu mzima, tena mfalme, alipoanza kujifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Alijifunza akiwa kifungoni. Tena alihimiza watoto wa watu wake waliokuwa naye wasome. Mwaka 1907, huko huko Shelisheli, historia ya wafalme wa Asante iliandikwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake, ili isipotee. Alirudi kwao mwaka 1924. Waingereza walimnyang'anya kiti na nchi, wakadhani wamemaliza. Lakini yeye alirudi na kitu ambacho hakuondoka nacho, yaani kalamu. Basi mtu asiseme mimi ni mzee, vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa jembe.

Mfungwa mwingine mashuhuri alikuwa Askofu Mkuu Makarios wa Kupro. Alipelekwa Shelisheli mwaka 1956, akaachiwa mwaka 1957, kisha akawa rais wa kwanza wa nchi yake mwaka 1960. Aliwekwa katika nyumba nzuri ya mlimani. Lakini nyumba nzuri usiyoweza kutoka ni gereza, hata kama dirishani pana maua.

3. Likizo na uwanja wa ndege

Sasa tuone jinsi gereza lilivyogeuka kuwa mahali pa starehe. Mambo matatu yalikutana.

Jambo la kwanza ni likizo yenye malipo. Zamani, hata Ulaya, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na likizo. Asipofanya kazi halipwi. Waliokwenda kupunga upepo baharini walikuwa matajiri. Wafanyakazi walidai haki yao kwa migomo na kwa vyama vyao. Mwaka 1936 Ufaransa ilitoa sheria ya likizo ya siku kumi na tano yenye mshahara. Uingereza ilitoa sheria yake mwaka 1938. Basi watu mamilioni wakawa na siku za kupumzika na fedha kidogo mfukoni.

Jambo la pili ni ndege za jeti. Kabla yake, mtu wa kwenda Shelisheli alipanda meli iliyokwenda kati ya Mombasa na Bombay, akakaa baharini siku kama tatu kutoka Mombasa. Meli zenyewe zilikuja kwa nadra. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 ndege za jeti zilianza kubeba watu wengi kwa saa chache.

Jambo la tatu ni uwanja wa ndege wenyewe, nao una habari yake. Mwaka 1965 serikali ya Kiingereza ilivikata visiwa vitatu vya Shelisheli, pamoja na visiwa vya Chagos vilivyokuwa chini ya Morisi, ikaviweka katika koloni jipya kwa shabaha za kivita. Wenyeji wa Chagos waliondolewa majumbani mwao kati ya mwaka 1968 na 1973, ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi katika kisiwa cha Diego Garcia. Baadhi yao walitupwa Shelisheli, wengi zaidi Morisi. Na kama fidia ya vile visiwa vitatu, Waingereza waliijengea Shelisheli uwanja wa ndege, kando ya bahari, juu ya ardhi iliyojazwa mahali penye maji. Uwanja ulianza kazi mwaka 1971. Visiwa vitatu vilirudishwa Shelisheli wakati wa uhuru, mwaka 1976. Watu wa Chagos hawakurudishwa kwao.

Basi tuelewe vizuri. Uwanja ule ule uliofungua mlango wa starehe ulikuwa malipo ya ardhi. Wengine walifunguliwa njia, wengine walifungiwa nyumba.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Mwaka 1971 wageni walikuwa kama 3,000 tu. Kabla miaka ya 1970 haijaisha, wageni wa mwaka mmoja walizidi 70,000. Hoteli zilijengwa pwani. Watu waliokuwa wakikausha mbata na kubandua maganda ya mdalasini waliacha mashamba, wakawa wapishi, madereva, watandika vitanda na wajenzi. Mshahara ulikuwa bora. Lakini chakula kilipungua mashambani, na bei ya vitu ikapanda.

4. Begi lililofunguliwa

Shelisheli ilipata uhuru tarehe 29 Juni 1976. Rais alikuwa James Mancham, na waziri mkuu alikuwa France-Albert René. Hazikupita siku nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London, wafuasi wa René waliichukua serikali kwa silaha. René akawa rais, akafuata siasa ya ujamaa, akawa rafiki wa Tanzania. Askari wa Tanzania walikwenda huko kusaidia kulifunza na kulilinda jeshi lake jipya.

Tarehe 25 Novemba 1981 ilitua ndege kutoka Swaziland, ambayo sasa yaitwa Eswatini. Ndani yake walikuwamo wanaume zaidi ya 40 waliojifanya watalii. Walisema wao ni chama cha wanywaji wa bia wanaokuja likizoni, tena wamewaletea watoto maskini vitu vya kuchezea. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, askari wa kukodiwa aliyepigana Kongo katika miaka ya 1960. Chini ya vitu vya kuchezea, katika mabegi yao, zilifichwa bunduki.

Ofisa wa forodha alilifungua begi moja, akaiona bunduki. Hapo vita ikaanza uwanjani. Wavamizi walishindwa kuushika mji. Wengi wao waliiteka ndege ya India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban, Afrika ya Kusini, ambako walishtakiwa. Mtumishi mmoja wa forodha, kwa kufanya kazi yake sawasawa, aliokoa serikali nzima. Baada ya hapo Tanzania ilizidisha msaada wa askari wake, nao walibaki huko kwa muda katika miaka ya 1980.

Na watalii wa kweli walifanyaje? Walikwenda mahali pengine. Mwaka 1982 wageni walipungua sana. Shelisheli ikajifunza kwamba mtalii ni kama ndege wa mtini. Jiwe moja likirushwa, hata lisimpige, huruka.

5. Hesabu ya starehe

Leo Shelisheli yajulikana duniani kote kwa likizo ya anasa. Viko visiwa vizima vyenye hoteli moja tu. Mwaka 2011 mwana wa mfalme wa Uingereza, William, na mkewe Catherine, walikwenda fungate yao katika kisiwa kimoja cha namna hiyo, North Island. Nyumba moja katika hoteli kama hizo hulipiwa maelfu ya dola kwa usiku mmoja.

Je, wananchi wamefaidi? Tuseme kweli: wamefaidi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliihesabu Shelisheli miongoni mwa nchi zenye kipato cha juu. Watoto husoma, wagonjwa hutibiwa. Karibu nusu ya ardhi imehifadhiwa, na kobe wakubwa wa Aldabra wanaishi kwa amani. Sheria yasema kwamba fukwe ni za umma. Mwananchi yeyote ana haki ya kutembea mchangani, hata mbele ya hoteli ya tajiri. Hilo ni jambo kubwa, na wananchi huko hulilinda, maana ziko hoteli zinazopenda kuweka geti.

Lakini iko hesabu ya upande wa pili. Mgeni hununua tikiti yake kwa shirika la ndege la kwao. Hoteli nyingi kubwa ni mali ya makampuni ya nje. Nyama, mchele, siagi na mvinyo huletwa kwa meli. Kwa hiyo sehemu nzuri ya fedha ya mgeni haifiki kisiwani hata kidogo, au yafika na kurudi na meli ile ile. Mwaka 2008 nchi ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Na ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, wageni waliokuwa wamezidi 380,000 mwaka uliotangulia walishuka chini ya 120,000. Vitanda vilibaki vimetandikwa bila mtu wa kulala. Iliyosaidia ilikuwa bahari kwa njia nyingine: Victoria iko bandari ya jodari na kiwanda kikubwa cha kusindika samaki hao.

6. Na sisi je?

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, sisi Misigiri hatuna bahari wala mtalii wa kulala mchangani. Habari hii ya nini?" Ni swali zuri.

Kwanza, vijana wetu wanakwenda Unguja kutafuta kazi katika hoteli za Nungwi na Paje. Wakienda wakijua kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, hawatadanganywa. Wasiojua, watapiga dole gumba na kujuta.

Pili, kutegemea kitu kimoja ni hatari, kiwe mtalii au alizeti. Mwaka bei ya alizeti inapoanguka, mwenye mtama ghalani, kuku uani na mzinga mtini hulala usingizi. Mwenye alizeti peke yake hukesha.

Tatu, mahali hapawi pazuri au pabaya kwa sababu ya mchanga na maji yake. Mwanga, Kabalega, Yaa Asantewaa na watoto wa Ziwa Nyasa waliiona pwani ile ile ambayo mgeni wa leo huilipia. Tofauti ni kwamba mgeni ana tikiti ya kurudi. Starehe kubwa kuliko zote ni mtu kujua kwamba akitaka kwenda kwao, hapana wa kumzuia.

Maneno ya kujifunza

Fidia: malipo ya kitu ulichoharibiwa au kunyang'anywa.
Fungate: siku za kwanza za maharusi pamoja.
Mbata: nazi iliyokaushwa.
Jodari: samaki mkubwa wa bahari kuu.
Askari wa kukodiwa: mtu anayepigana vita ya wengine kwa ajili ya fedha.
Mkataba: maandishi ya mapatano kati ya pande mbili.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Waingereza waliwapeleka wafalme Shelisheli badala ya kuwafunga katika nchi zao?
2. Uwanja wa ndege ulikuwa malipo ya kitu gani? Je, waliolipwa ndio walioumia?
3. Hesabu: wageni wa mwaka 1971 walikuwa kama 3,000. Wakifika 70,000, wameongezeka wangapi?
4. Kama ziwa letu la Kitangiri lingejengewa hoteli, mngetaka sheria gani iandikwe kwanza, ili mvuvi asifungiwe njia?
5. Kila mtu aandike sentensi tatu juu ya jambo moja la ukoo wake ambalo hataki lisahauliwe, kama alivyofanya Prempeh.

Kiongozi wa kikundi, kusanya madaftari, yasome, kisha uyarudishe na maneno ya kuwatia moyo.